Tupeane uzoefu: shoga yako kakuzidi miaka 30 na zaidi, mnaishije? (Kigoma na Tabora njooni hapa)

BINTI WA GUNGU

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye benchi la hospitali, leo siku ya tatu, chaji imebaki kidogo na usingizi umenijaa. Nikikosea maneno mnisamehe.

Juzi tumefika na bajaji alfajiri. Mgonjwa kalala kwenye machela, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna kazi. Nesi wa mapokezi kashika kalamu.

"Mgonjwa ni nani yako?"

"Rafiki yangu."

Akamwangalia mama wa miaka 78 aliyelala pale, akanigeukia mimi wa 42. "Dada, nyuma yako kuna foleni. Ni mama yako au bibi yako?"

"Ni rafiki yangu."

Akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MTOTO.

Sikubisha, maana nilitaka daktari kwanza. Lakini tangu hapo lile neno linanizunguka kichwani, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mama Riziki nilimjua 1997. Mji umejaa watu waliokimbia vita ya Zaire, kwetu pesa hakuna, mama akanituma mwalo wa Kibirizi kuanika dagaa kwa ujira. Nilikuwa na miaka 14, yeye 50, na mwalo wote unamwogopa. Vipe, ile mitumbwi ya dagaa, vinaingia asubuhi, karabai bado zinanuka mafuta ya taa, sisi na mabeseni tumeshajipanga. Kosa langu la kwanza nilimwaga dagaa mchangani kama mtu anayemwaga mahindi. Akaja akachuchumaa, akachukua konzi moja, akaitupa kwa mkono wa chini hivi, kama unamnyunyizia kuku chakula, kila dagaa akatua peke yake. "Dagaa hamwagwi. Dagaa anatandazwa. Akilaliana na mwenzie anaoza."

Wiki ya pili aliniachia ndoo mbili nizilinde, akaenda msibani. Nikalala chini ya mtumbwi. Mvua ikashuka. Mnaojua dagaa mnajua: akinyeshewa akiwa nusu mkavu analegea, anabadilika rangi, kesho yake ni chakula cha bata. Aliporudi hakunipiga. Alichukua mkaa akachora mistari miwili kwenye mlango wa banda lake. "Ndoo mbili. Nakudai."

Nimekwenda kulipa mara ngapi sijui. Nikiwa na miaka 17 nimepeleka hela, kakataa, kasema bei imepanda. Nimeolewa nimepeleka, kasema riba. Nilipojifungua mtoto wa kwanza yeye ndiye alinishika mgongo usiku kucha, asubuhi akaniambia, "Usidhani hili linapunguza deni." Miaka ile ya 2020 na 2021 ziwa lilipopanda likala mwalo, banda likaondoka na maji. Alichookoa ni mabati sita na ule mlango. Uko sebuleni kwake, umeegemezwa ukutani, mistari bado inaonekana.

Kila asubuhi nampa shikamoo, ananipa marahaba, halafu hapo hapo tunaanza kusutana kama mabinti wa bombani. Ananiambia mambo ya marehemu mumewe ambayo mtoto hawezi kuambiwa. Namba ya siri ya simu yake ninayo mimi. Wanawe hawana.

Na hapo ndipo moto ulipo. Leo mchana binti yake Riziki kashuka na treni kutoka Dar, kasoma faili. Ana miaka 52. Akauliza wodi nzima inasikia: "Huyu MTOTO ni nani? Mama yetu kazaa wawili tu." Kisha akauliza hela za mama ziko wapi na kwa nini simu yake iko mkobani kwangu.

Nimempa simu. Nimetoka nje. Niko benchi.

Wenye marafiki wakubwa kwa umri, mlipofika hapa mlifanyaje?

DAGAA TUPU

Dah. Umenikumbusha mbali sana. Pole dada, mimi wa kwangu tulimzika mwaka juzi na kwenye risala ya msiba sikutajwa.

KARABAI

Pole kwa kuuguza. Ila tuambiane ukweli, rafiki ni rika lako. Huyo ni mama mlezi, na nesi kaandika sawa kabisa. Huwezi kumpa mtu shikamoo halafu ukamwita rafiki.

DAGAA TUPU

Karabai, taa yako imeisha mafuta. Kichwa cha mada kinasema shoga. Wewe una shoga?

KARABAI

Matusi sasa.

MGEBUKA MKAVU

Shikamoo haizuii urafiki jamani. Kwetu Kasulu mtu unampigia magoti, ukiinuka mnachekana. Dada wa Gungu, kachukue chai ya moto kwanza, ukianguka na wewe nani atauguza?

EMBE DODO

Mwangaluka wote. Mimi ni wa Tabora, nina miaka 64, na uzi huu umenitoa machozi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mdogo, leo ni mkubwa.

Mwaka 1974 ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba za miti, hata miembe haijaota. Kisomo kimepamba moto, elimu ya watu wazima, Mwalimu kishasema kila anayejua amfundishe asiyejua. Walimu hawatoshi, sisi wa darasa la sita tukagawiwa watu wazima wa kuwasaidia jioni. Nikapewa Mama Kulwa. Ana miaka kama 40, mikono ya jembe, kalamu anaishika kama mchi. Herufi k alikuwa anaigeuza inatazama nyuma. Namrekebisha anacheka, "Si inarudi nyumbani hiyo."

Sasa mumewe alikuwa mkonge, Tanga. Barua zake zinakuja kwa sanduku la posta la mwenye duka, na mwenye duka ndiye anafungua na kumsomea. Miaka yote hiyo. Kila barua inasomwa hivi: hajambo, anakusalimu, anawasalimu wote, anasema kazi ni ngumu, mwisho. Mama Kulwa anaichukua, anaikunja, anaiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kenchi.

Siku moja, baada ya miezi saba au minane ya kisomo, ananiambia, mwalimu njoo nyumbani. Akashusha kopo. Tukakaa chini, yeye anasoma mimi namsahihisha. Barua ya kwanza akafika katikati akasimama. Akarudia. Akaniuliza, "Hapa pameandikwaje?" Nikasoma: ndani ya bahasha hii nimekuwekea shilingi 30 za chumvi na nguo za watoto.

Barua 11. Tulikuwa tunahesabu kwa punje za mahindi, punje moja shilingi 10. Zikafika punje 31.

Nilidhani atalia, au atachukua panga. Alinyamaza tu akafunika kopo. Jumamosi kukawa na foleni ya chumvi dukani, na yeye akajipanga kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akatoa barua kifuani akaanza kusoma, kwa sauti, kwa kukata kata kama nilivyomfundisha. Ni-me-ku-we-ke-a. Shi-li-ngi. Foleni ikanyamaza. Mwenye duka akasema, mama toka upishe wenzio. Akatoa ya pili. Mimi nimesimama nyuma yake, miaka 13, miguu inatetemeka, kila akikwama ananigeukia namnong'oneza silabi.

Hakumaliza hata barua ya tano. Alilipwa palepale: doti mbili za khanga, chumvi mfuko mzima, na noti. Kuanzia siku ile barua zake zikaja kwa sanduku la shule.

Mbele za watu alikuwa ananiita mwalimu, mimi namuita mama. Tukiwa wawili, tukichambua karanga, shoga. Alifariki 2011. Nilipofika msibani nikawekwa na majirani, mkekani mlangoni. Sikuona vibaya sana. Lile kopo niliomba nikapewa, ninalo.

CHIKICHI

Punje 31. Shilingi 310 mwaka 1974 si mchezo.

DAGAA TUPU

Mwenye duka huyo alifia wapi tukatambike.

EMBE DODO

Watoto wake wapo na ni watu wema. Tumwache.

KARABAI

Hii nimeikubali. Ila bado huyo Mama Kulwa alikuwa mwanafunzi wako kwa hiyo si urafiki, ni ualimu.

MGEBUKA MKAVU

Jamani mtoeni huyu mtu.

SOMO WA UJIJI

Nimesoma kimya kimya tangu saa mbili, nimeshindwa kuvumilia. Yangu ni ndefu na najua nitatukanwa.

Shoga yangu kanizidi miaka 24. Alikuwa somo yangu, ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, Ujiji pale. Mambo ya kufundana yakaisha, tukabaki tunapendana. Nikaolewa, nikaachika nikiwa na miaka 23, mtoto mmoja mgongoni. Baraza lake ndilo lilinipokea. Mimi na cherehani, yeye na sufuria lake kubwa la kupikia sabuni ya gwanji, mawese yanatokota, barabara nzima inanuka sabuni.

Mwaka 2001 akaniita jikoni, akafunga mlango. "Mume wangu anataka kuoa. Kasema mwenyewe na sitamzuia. Akileta nisiyemjua, nitakufa kabla ya siku zangu. Nataka uolewe wewe."

Itaendelea, mtoto analia.

CHIKICHI

Itaendelea ya nini tena dada!! Mtoto mpe mtu!

MPITA NJIA

Chai hii. Chai ya tangawizi kabisa.

DAGAA TUPU

Nimevuta kiti.

MGEBUKA MKAVU

Na mimi nimeleta karanga za kuchemsha, tunakula tukisubiri.

BINTI WA GUNGU

Jamani mimi bado niko benchi. Riziki kanipita sasa hivi kwenda kununua maji, hajanisemesha.

CHIKICHI

Pole mama. Mwenyewe mtangulie, msalimie kwanza, wewe ndiye mdogo. Huyo kasafiri siku mbili kwenye treni hajui atamkuta mama yake hai au la. Mtu kama huyo maneno yake ya siku ya kwanza usiyaweke moyoni.

MPITA NJIA

Hapana! Asimsalimie! Miaka 28 anamhudumia mama wa watu, leo anaitwa mwizi? Kaa mbali mpaka waje kukuangukia.

SOMO WA UJIJI

Nimerudi.

Nilimkasirikia miezi miwili. Nilihamisha cherehani. Kila nikipita nje ya nyumba yake nageuza shingo. Akawa ananitumia sabuni na watoto, mche mmoja kila Ijumaa, bila neno. Mwisho nikajiuliza, nani mwingine duniani ananitumia sabuni bila neno? Nikarudi. Nikakubali.

Alinipaka hina yeye mwenyewe. Mikono haikutetemeka. Aliimba, akagawa pilau, akawacheka waliokuja kumtazama usoni waone kama kanuna. Mimi nikaamini kweli yuko sawa.

Usiku, wageni wameondoka, nimeingizwa chumbani. Mara nasikia uani mtu anaosha masufuria. Kwarr, kwarr, kwa mchanga na majivu. Masufuria yale nilikuwa nimeyaona mimi mwenyewe, yalishaoshwa tangu magharibi, yamefunikwa kwenye kichanja. Nikasikiliza. Anaosha, anaweka. Anachukua lilelile, anaosha tena.

Nikavua mapambo nikatoka. Hina haijakauka vizuri. Nikachuchumaa pembeni yake nikachukua sufuria la pili. Hakuniangalia. Tuliosha mpaka adhana ya alfajiri, masufuria manne yaleyale, hakuna aliyesema kitu. Mzee alilala peke yake siku ya harusi yake, na mpaka anakufa hakuwahi kuuliza kwa nini.

DAGAA TUPU

Nimeshindwa hata kuandika.

MPITA NJIA

Bado nasema chai, ila chai iliyopikwa vizuri.

CHIKICHI

Mimi naona huyo mama alikuonea. Alikutumia kujikinga na mke mwenza. Urafiki gani huo?

MGEBUKA MKAVU

Na angeletewa mwingine je? Kila mtu anaamua kulingana na nyumba yake.

CHIKICHI

Nyumba yake sawa, lakini huyu alikuwa na miaka 25 na mtoto, hana pa kwenda. Kukubali kwa namna hiyo ni kukubali au kukosa njia?

SOMO WA UJIJI

Chikichi, hilo nimejiuliza miaka mingi. Kuna siku najibu hivi, siku nyingine najibu vile. Na yeye nilimwuliza, akaniambia, "Nilikuonea kidogo." Hakuongeza.

Mzee alifariki 2009. Tukakaa eda pamoja, chumba kimoja, miezi 4 na siku 10, yeye kitandani mimi kwenye mkeka. Siku za mwanzo vilio. Kama wiki ya tatu, usiku, akasema gizani, "Hivi na kwako alikuwa anakoroma kama boti la Kalemie?" Nikajibu na kwangu alikuwa anasitasita katikati, kama injini imekosa mafuta. Tulicheka mpaka tukang'ata shuka. Wifi akaja akagonga mlango, "Nyie wafiwa, vipi?" Ndiyo tukazidi.

Halafu shemeji zangu wakaja na mambo ya nyumba. Wanataka iuzwe, sisi tupewe chetu tuondoke.

KARABAI

Wajane kwenye mirathi ya Kiislamu mnapata robo. Kwa hiyo ulipaswa kupata robo yako na yeye robo yake, nusu nzima ya nyumba hiyo.

MWALIMU WA CHUO

Karabai, usipotoshe. Robo ni kama marehemu hakuacha mtoto. Akiacha watoto ni thumni, moja ya nane, na wake wakiwa wawili wanagawana hiyohiyo thumni. Kila mmoja anapata moja ya kumi na sita. Kinachobaki ni cha watoto na warithi wengine wenye haki.

KARABAI

Sawa ustadhi. Nilikuwa nakumbuka darasani.

SOMO WA UJIJI

Kumbe wengine mnajua. Ndiyo, ni thumni. Lakini shoga yangu alisema, kabla ya kugawa cha marehemu tujue kipi kilikuwa cha marehemu. Aliwakaribisha chakula, ugali wa muhogo na migebuka, wakala wakashiba. Ndipo akafungua fundo la khanga. Risiti za bati. Risiti za saruji. Za miaka ya themanini, karatasi imekuwa ya njano, zote jina lake, hela ya gwanji. Akazipanga kwenye mkeka moja moja, kama mtu anacheza karata, na kila akiweka moja anamtaja fundi aliyeezeka na jirani aliyebeba maji

simu inazima nitarudi

MPITA NJIA

Sasa mimi ndiye nalia. Dada washa simu!

CHIKICHI

Hakuna umeme Ujiji leo? Mwenye ndugu pale ampelekee chaji.

BINTI WA GUNGU

Mada yangu imetekwa ila sina kinyongo, imenisahaulisha benchi. Ila ushauri wenu mbona kila mtu na lake? Nimsalimie, nisimsalimie, nini sasa?

MGEBUKA MKAVU

Msalimie. Kisha mpe hesabu ya simu kwa karatasi: hela iliyoingia, dawa uliyonunua, bajaji. Hata kama hajaomba. Hela ikiandikwa inapunguza makelele.

MPITA NJIA

Hela ya bajaji umelipa wewe, iandike pia, usijifanye malaika.

MWALIMU WA CHUO

Na mama akipata nafuu, akitaka akuachie kitu au akutaje popote, asiseme tu mdomoni kwa jirani mmoja. Wosia wa mdomo kwa sheria ya kimila unataka mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Kwa Muislamu asiye mrithi anaweza kuusiwa mpaka theluthi ya mali. Bila hivyo rafiki hana nafasi kabisa, awe kauguza miaka 50.

BINTI WA GUNGU

Sitaki kitu cha mtu. Labda ule mlango.

KARABAI

Naomba niseme kitu, msinirushie mawe. Mama yangu alikuwa na rafiki kijana, binti muuza mboga, hapo Kigoma, Mwanga sokoni. Alipougua, sisi wanawe tuko Dodoma na Mwanza, binti yule ndiye alikuwa anampaka mafuta miguuni. Tulipofika tulimpa hela ya ahsante na tukamwambia sasa basi, tumefika. Aliichukua akaiweka juu ya meza akaondoka. Sikumwona tena mpaka leo. Mama aliishi siku tisa baada ya pale, na kila siku alikuwa anauliza, "Yule wa mchicha hajapita?"

Sijui hata jina lake kamili.

DAGAA TUPU

Karabai.

KARABAI

Najua.

EMBE DODO

Mwanangu, Mwanga sokoni si mbali. Muuza mboga hapotei.

CHIKICHI

Tukiwa tunasubiri, mawese bei gani Kigoma wiki hii? Niko Tabora huku wanatupiga.

MGEBUKA MKAVU

Fungua uzi wako.

MPITA NJIA

Na mkiwapo, Tabora asali mnayotuuzia stesheni treni ikisimama nusu yake ni sukari guru. Nimesema.

EMBE DODO

Wewe ulinunua kwa mtoto dirishani treni inaondoka, ulitaka kuonja saa ngapi? Asali ya Sikonge njoo uchukue kwa mrina mwenyewe.

SOMO WA UJIJI

Nimepata chaji. Nyumba ipo. Yeye ana miaka 73, mimi 49, tunaishi humo. Tumegombana leo asubuhi kwa sababu ya jogoo.

DAGAA TUPU

Hiyo ndiyo mwisho wa hadithi?? Shemeji walisemaje?

SOMO WA UJIJI

Walisema ugali ulikuwa mzuri.

BINTI WA GUNGU

Wakuu, narudi. Ni saa nne asubuhi.

Usiku nilimsalimia Riziki. "Shikamoo dada." Akakaa kimya, kisha akaitikia marahaba, akasogea kwenye benchi. Nikampa karatasi ya hesabu kama Mgebuka alivyosema. Hakuisoma. Akaniuliza, "Ni kweli mama alishawahi kuuza dagaa mpaka Lubumbashi?" Nikashangaa hajui. Nikamweleza. Alivyokwenda mara ya kwanza na magunia manne kavusha ziwa, akarudi na vitenge, mzigo mwingine umeshikwa, akalala siku tatu bandarini juu ya magunia kama kuku anatamia. Riziki anasema wakati huo alikuwa shule ya bweni, aliambiwa mama yuko shambani. Tukaongea mpaka wanafagia.

Nilimweleza pia habari za mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu samaki wazaliane, mama yake alivyokuwa anakwenda mwaloni kila asubuhi vilevile na beseni tupu, anakaa, anarudi. Akacheka, akasema hilo ndiyo anamjua.

Sasa asubuhi hii daktari kapita. Mgonjwa kafumbua macho, ulimi mzito lakini maneno yanatoka. Daktari akataka kuona kama akili imekaa sawa. Akamwonyesha Riziki. "Huyu ni nani?"

"Mwanangu. Kanenepa."

Akanionyesha mimi nimesimama mlangoni, maana sikuambiwa niingie. "Na yule?"

Alichukua muda. Nikaona jicho moja linanitafuta. Daktari akarudia, "Mama, yule pale mlangoni unamfahamu?"

"Ananijua," akasema. "Ndoo mbili."

Daktari akaandika sijui nini. Riziki akamwambia, hapana daktari, yuko sawa, usiandike amechanganyikiwa.

Kisha akaniita niingie.

EMBE DODO

Usilipe, mwanangu.

KARABAI

Usilipe kabisa. Mimi niko Mwanga hapa, nimeshauliza watu wawili.